Mvumo Katika Peugeot ya Baba

Najua niliahidi kuendelea na mada ya hifadhidata, lakini wikendi mbili zilizopita nimezimalizia chini ya gari, mikono imejaa girisi. Kisa chenyewe kina mafunzo kwa sisi tunaolipwa kutafuta makosa ya programu, tena kimenirudisha nyuma katika historia kuliko nilivyotarajia. Kwa hivyo hifadhidata itangoja kidogo.

Gari ni la baba yangu, Peugeot 504 stesheni wagoni. Vijana huenda hawalijui, kwa hivyo niseme machache. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likatangazwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Lakini hapa kwetu sifa zake zilitoka barabarani. Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 akiendesha 504, na Jean-Pierre Nicolas akashinda ya 1978 na 504 ya aina ya kupe. Waliosafiri miaka ya 80 wanazikumbuka stesheni wagoni zilizobeba abiria kati ya Nairobi na miji ya Bonde la Ufa na magharibi. Mtu hakusema anapanda teksi, alisema anapanda Peugeot. Wafaransa waliacha kuunda saluni za 504 mwaka 1983, lakini hapa Kenya tuliendelea kuyaunganisha magari haya mpaka 2004. Ndiyo maana mafundi wanaolijua wangalipo, na vipuri bado vinapatikana ukijua pa kuuliza.

Sasa tatizo. Kila mwezi Baba humleta Mama kliniki Nairobi kutoka Nakuru. Mwaka huu Mama alianza kulalamika kwamba gari linavuma. Mvumo ulianza kwenye spidi ya 50 hivi, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi, na kufika 80 ilibidi upaze sauti ndipo usikike. Baba yeye hakusikia kitu. "Gari hili nimeliendesha miaka ishirini na mitano," akaniambia kwenye simu. "Lingekuwa na ugonjwa ningejua."

Mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba hatalipanda tena mpaka litengenezwe. Basi likapelekwa gereji, na huko wakaambiwa kwamba difu imekwisha, inatakiwa nzima nyingine. Bei waliyotajiwa ilikuwa karibu sawa na bei ya ng'ombe wa maziwa, na Baba, ambaye hata huo mvumo hakuusikia, alikuwa ameshaanza kumtafutia ng'ombe wake mnunuzi. Hapo ndipo nikapanda matatu kwenda Nakuru.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoketi ndani ni redio. Baba alipowasha gari ilipiga kelele hata nikashtuka. Nikafikiri, mzee masikio yanamwacha. Nikanyamaza.

Tuliingia barabarani na nikaanza kazi kama ninavyoanza na programu yoyote yenye hitilafu, yaani kuondoa washukiwa mmoja mmoja. Mahali tambarare pasipo na gari nyuma yetu, tukiwa spidi ya 80, nilimwomba Baba atie nyutro. (Usijaribu hili kwenye mteremko!) Injini ikashuka, mvumo ukabaki vilevile. Kwa hivyo injini haina hatia. Tulipotoka lami mpya tukaingia lami kuukuu, sauti ya tairi ilibadilika lakini mvumo haukubadilika. Tairi nazo nikaziweka kando. Kisha kwenye kona pana ya kulia, ambapo uzito wa gari huegemea kushoto, mvumo ukaongezeka. Kona ya kushoto ukapungua.

Dalili hizo zinaelekeza kwenye beringi ya gurudumu la kushoto. Lakini difu pia huzunguka pamoja na magurudumu, na mimi si fundi. Nilitaka ushahidi ambao ungemridhisha Baba kabla ng'ombe hajauzwa.

Hapa tuiache Nakuru kidogo, tutazame beringi imetoka wapi.

Wazo lake ni la kale. Katika zile meli za Kaizari Caligula zilizofukuliwa ziwa Nemi, Italia, baada ya maji kupunguzwa kuanzia 1928, palikutwa jukwaa lililokuwa likizunguka juu ya gololi za shaba. Leonardo da Vinci alichora gololi zilizotenganishwa zisisuguane. Mwaka 1794 mfua chuma mmoja wa Carmarthen, Wales, jina lake Philip Vaughan, alipata hataza ya kutia gololi katika ekseli ya gari la farasi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, alipata hataza ya beringi yenye roli zilizochongoka kidogo, ambazo hubeba uzito wa juu na ule wa ubavuni kwa pamoja. Kwenye kona, uzito wa ubavuni ndio hasa unaotesa gurudumu.

Ninayempenda zaidi ni Sven Wingquist. Huyu alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda cha nguo huko Gothenburg, Sweden. Kiwanda kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, ardhi ikawa inasogea, shafti ndefu zilizoendesha mashine zinapinda, na beringi zinakufa ovyo. Wingquist hakujaribu kuizuia ardhi. Mwaka 1907 alibuni beringi yenye safu mbili za gololi ambayo hujinyoosha yenyewe shafti ikienda upande, na mwaka huohuo kampuni ya SKF ikaanzishwa. Wale mnaoandika programu zinazotegemea mitambo ya watu wengine, somo mmelipata.

Lakini hata beringi nzuri hufa. Mhandisi mwingine wa SKF, Arvid Palmgren, alichapisha mwaka 1924 njia ya kukadiria maisha yake, na mwaka 1947 yeye na Gustaf Lundberg wakaikamilisha. Hesabu yao haikwambii siku ambayo beringi yako itakufa. Inakwambia ni mizunguko mingapi ambayo beringi 90 kati ya 100 zitaivuka zikiwa hai. Na kwa beringi za gololi, ukizidisha mzigo mara mbili, maisha hayapungui nusu, yanabaki sehemu moja kati ya nane. Nikayakumbuka magunia ya mahindi, na zile safari za harusi tulipojazana watu kumi na mmoja, na sikumlaumu mtu.

Kifo chenyewe huanza taratibu. Chuma cha ile njia ya gololi huchoka, kipande kidogo hubanduka, na kila gololi inapopita juu ya kishimo hicho hugonga. Ugongaji ukiwa wa haraka sikio halihesabu tena. Linasikia mvumo.

Mafundi wetu wa jua kali wana njia yao ya kusikiliza. Wanaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini sikioni. Ni kazi ileile aliyoifanya daktari René Laennec huko Paris mwaka 1816, alipokunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, kisha akatengeneza stethoskopu ya mbao. Shida ni kwamba gurudumu la gari lililoinuliwa kwa jeki halina mzigo, na beringi yetu ilivuma ikiwa na mzigo tu.

Kwa hivyo nikageukia sikio la upande wangu. Joseph Fourier, Mfaransa aliyefuatana na Napoleon kwenda Misri mwaka 1798, alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri ndani ya vitu. Mwaka 1807 alidai mbele ya wanasayansi wa Paris kwamba hata umbo lenye makona linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini. Lagrange, mmoja wa waliolipima dai hilo, hakukubali. Fourier hakukata tamaa, akachapisha kitabu chake mwaka 1822. Hesabu hiyo ndiyo inayotuwezesha kuchukua sauti iliyochanganyika na kuuliza: humu ndani muna mitetemo gani, na kila mmoja una nguvu kiasi gani?

Ila ilikuwa hesabu nzito. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya mkato. Tukey alikuwa akifikiria jinsi ya kugundua majaribio ya nyuklia ya Wasovieti kwa vipimo vya mitetemo ya ardhi. (Baadaye iligunduliwa kwamba Gauss alikuwa nayo tangu 1805 hivi, akaiacha kwenye karatasi zake.) Kwa sampuli 1,024, njia ya kawaida inadai hesabu zaidi ya milioni moja. Njia ya mkato inadai elfu kumi hivi. Kwa hivyo kitu kilichobuniwa kusikiliza mabomu leo kinatoshea kwenye simu.

Niliiweka simu sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, nikarekodi sekunde 30 kwenye spidi ya 60 na sekunde 30 kwenye 80, spidi nikiisoma kwa GPS. Jioni nikaandika programu ya mistari isiyofika 40. Kwenye 60, kilima kikubwa kilikuwa mitetemo 41 kwa sekunde. Kwenye 80 kilihamia 54. Kilifuata spidi sawasawa.

Mzingo wa tairi ni mita 2 hivi. Kwa hivyo kwenye 60 gurudumu linazunguka mara 8.3 kwa sekunde. Gawanya 41 kwa 8.3, unapata 4.9. Kumbe kitu fulani kiligonga mara 4.9 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Meno ya difu hayawezi kutoa namba hiyo. Ile gia kubwa ina meno zaidi ya 30, na mvumo wake ungekuwa zaidi ya mitetemo 250 kwa sekunde. Wala meno hayagusani nusunusu, yangetoa namba kamili. Beringi ndiyo hutoa namba ya vipandevipande, kwa sababu gololi zake huzunguka polepole kuliko pete ya ndani. Kishimo kikiwa kwenye pete hiyo, kila mzunguko hukutana na takriban sehemu 6 kati ya 10 za gololi zote. Gololi 8 zingetoa karibu 4.9.

Asubuhi nilimpelekea fundi mmoja mzee anayezijua hizi Peugeot. Alisikiliza hesabu yangu kwa heshima, akashika gurudumu la nyuma la kushoto kwa mikono miwili, akalitikisa na kulizungusha, akasema, "Ni hii." Sekunde kumi. Alipoifungua, pete ya ndani ilikuwa na kishimo cha ukubwa wa punje ya mchele. Nilihesabu gololi. Zilikuwa 8, nikajisikia vizuri kuliko inavyostahili. Difu ilikuwa nzima. Beringi mpya, sili na ufundi havikufika hata bei ya kuku ishirini, na ng'ombe yuko zizini.

Kwa nini Baba hakusikia? Hesabu haijibu hilo. Mvumo haukuja siku moja. Ulipanda kidogo kidogo, na yeye alikuwa ndani yake kila siku. Sisi pia hatuoni makosa katika programu tuliyoiandika wenyewe, wala hatukuwa viziwi.

Tulirudi nyumbani Baba akiendesha, Mama ameketi nyuma. Tulipofika spidi ya 60 redio ikawa inatupigia kelele sote. Baba akaipunguza. Baada ya kilomita moja akaipunguza tena. Kisha akaizima kabisa, akaendesha akisikiliza.

"Kumbe," akasema.

Mama alitazama nje ya dirisha, hakujibu kitu. Mwezi ujao wanakuja kliniki.

Haya basi, hifadhidata safari ijayo, naahidi.