Jana Haipatani na "Have"

Jina la Matombo, kwenye milima ya Uluguru, ni la Kiluguru, na maana yake ni matiti: wenyeji waliona sura hiyo kwenye miamba ya mlimani. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapo mwaka 1897, enzi ya Wajerumani, Kiingereza hakikuwa na kazi yoyote upande huu wa Uluguru. Hata Padre Charles Sacleux wa shirika hilohilo, aliyekusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, aliyafasiri kwa Kifaransa.

Kiingereza kilikuja na vita. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro, na baadaye shule za Tanganyika zikawa na ngazi mbili: Kiswahili madarasa ya chini, Kiingereza huko juu kwa wachache waliofika. Anayetaka ukarani alipaswa kwanza kukariri "go, went, gone" kwa sauti, kama wimbo.

Wimbo huo haukugusa penye tatizo. Mwaka 1955 wakulima wa milima hii waligomea kilimo cha matuta ya ngazi walicholazimishwa na serikali ya kikoloni. Mwanafunzi akiandika habari hiyo kwa Kiingereza, huenda akaandika: "The farmers have refused terraces in 1955." Kalamu nyekundu inashuka. Lakini hajabahatisha, amefuata -me-. Kwa Kiswahili mtu husema "nimefika jana" na hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa Kiingereza, jana au mwaka ukishatajwa, "have" hufungasha virago: "refused" peke yake inatosha. Tena -me- huonyesha hali iliyopo: "amelala" ni "he is asleep", si "he has slept".

Kosa la "did not went" nalo lina dawa ya nyumbani. Katika "hawakukataa", wakati uliopita umebebwa na -ku-, na kitenzi kimebaki "kataa". "Did" hubeba mzigo huohuo, kwa hiyo kinachofuata ni "refuse" tupu. Kadhalika anayetofautisha "sikula" na "sijala" tayari anaijua tofauti ya "I didn't eat" na "I haven't eaten", ila hakuna aliyemwambia. Mwalimu anayeanzia hapa humpunguzia mtoto nusu ya safari.

Mwaka 1967, pamoja na sera ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilichukua shule ya msingi yote. Kiingereza kikabaki somo moja, kisha ghafla, kidato cha kwanza, kikawa lugha ya masomo karibu yote. Mwaka 1982 tume ya elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi na kukuta wengi hawawezi kusoma masomo yao kwa Kiingereza. Jibu likawa mradi wa kuongeza vitabu vya Kiingereza mashuleni.

Kwa hiyo mjukuu wa wagomaji wale, aliyesimuliwa mgomo kwa Kiluguru au Kiswahili, hujibu mtihani wa historia kwa Kiingereza. Akitaka kueleza kwamba wakulima walikuwa wamekataa matuta kabla serikali haijaachana na mpango wake, ataandika "had refused". Hapo, walau mara moja, "walikuwa wamekataa" inamfikisha bila kupotea njia.