Kikundi Changu cha Mtu ni Afya

Mwaka 1973 nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kijana mwenye chaki mfukoni na majibu tele kichwani. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Watanzania wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi, nami nikapewa kimoja kijijini.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Tulisikiliza redio, kiongozi akasoma kitabu kwa sauti, tukajadiliana, kisha tukaamua la kufanya. Juma hili malaria, juma jingine kichocho au safura. Kwenye semina tulionywa kwamba kiongozi wa kikundi si mwalimu wa darasa. Onyo hilo liliingia sikio hili likatokea la pili.

Siku ya vyoo nilisoma, nikafafanua, nikauliza maswali kama ya darasa la nne. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, choo kimoja nitumie mimi na mke wa mwanangu? Tukikutana njiani, uso nitauficha wapi?" Vijana walicheka. Nami nikamjibu kwamba minyoo haijui ukwe, nikajiona nimesema la maana! Mzee alichukua mkongojo wake akaondoka. Waliobaki hawakufungua mdomo tena jioni ile.

Nilikosa usingizi. Mtu yule alikuwa amelea watoto na kuzika wengine kwa kuhara kabla mimi sijazaliwa. Kesho yake nikaenda kwake, nikamwamkia shikamoo, nikaomba radhi. Kumbe hakukataa choo. Alitaka viwili, ila hakuna aliyemwuliza.

Mkutano uliofuata niliweka kitabu chini. Mzee akazungumza, na mjadala ukawaka: nani achimbe kwa wajane, udongo wa kichanga uzuiweje usibomoke, kina mama wanawie mikono kwa maji gani ilhali kisima kiko mbali. Mengine hayakuwamo kitabuni. Wakapanga zamu wenyewe.

Nchi nzima vilijengwa vyoo mamia ya maelfu kutokana na kampeni ile. Sifa nyingi hupewa redio, na kweli redio ilituita tukaja. Lakini baadaye, nikiwa mkuu wa shule, nimeona magari ya vipaza sauti yakipita yakihubiri usafi, watu wakasikiliza kwa adabu, vumbi likatua, basi.

Yule mzee alichimba vyoo vyake viwili. Cha wakwe, nyuma ya zizi, ndicho kilichoezekwa kwanza.