Beni na Lelemama: Nafasi ya Ushindani katika Ngoma za Mwambao

Kila ninaposahihisha majibu ya fasihi simulizi, hukutana na sentensi ile ile: ngoma huburudisha na huleta umoja katika jamii. Mtahiniwa hupata alama yake na kuendelea na swali linalofuata. Hata hivyo, historia ya ngoma za mwambao wa Kenya inadhihirisha kwamba huo ni nusu tu ya ukweli. Makala haya yanachunguza ngoma mbili, beni na lelemama, kwa nia ya kuonyesha kwamba ushindani ndio uliokuwa uti wa mgongo wa sanaa hii, na kwamba wimbo wake hauwezi kuhakikiwa vyema bila kumtazama mpinzani aliyekusudiwa.

Beni ilizuka katika miji ya Waswahili miaka ya 1890. Jina lenyewe lina asili moja na neno bendi. Wachezaji walivaa sare, wakapuliza tarumbeta na kuandamana kwa mwendo wa gwaride, huku viongozi wao wakijitwalia vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Mtazamaji wa haraka atasema kwamba huko kulikuwa kumwiga mkoloni tu. Lakini mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii Afrika Mashariki, alionyesha kwamba chini ya sare hizo mpya mlikuwa na ushindani mkongwe. Mji wa Lamu ulikuwa umegawanyika tangu zamani baina ya Mkomani na Langoni, na mgawanyiko huo ukaingia katika beni. Mombasa nako, Kingi na Settla walikuwa mahasimu. Tarumbeta ilikuwa ngeni. Ushindani ulikuwa wa nyumbani.

Ushindani huo haukuwa wa sauti na miguu pekee. Kila kundi lilijitahidi kulishinda jingine kwa mavazi, kwa maandamano na kwa karamu. Ili kuyamudu hayo, wanachama walitoa michango, wakachagua viongozi na kutii amri zao. Chama kilichojiandaa kwa ngoma kikawa pia chama cha kusaidiana wakati wa dhiki. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilipowatawanya askari na wapagazi, beni ilienea zaidi bara, na huko Tanganyika mahasimu wakajulikana kwa majina ya Marini na Arinoti.

Wanawake nao hawakubaki kuwa watazamaji. Katika lelemama walijipanga safu, wakacheza kwa madaha na kuimba. Margaret Strobel, aliyewachunguza wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vyao vilivyokuwa na vyeo na upinzani mkali. Ikumbukwe kwamba utumwa ulipigwa marufuku katika mwambao wa Kenya mwaka 1907. Katika mji ambamo nasaba ilikuwa kipimo cha heshima, chama cha ngoma kilimpa hata mwanamke wa asili ya kitumwa nafasi ya kuonekana mbele ya watu. Isitoshe, kupanga ngoma kulikuwa shule ya uongozi. Vyama vya wanawake vya miaka ya 1950, vilivyoshughulikia elimu na maslahi yao, vilirithi uzoefu huo.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuwa mwangalifu. Nyimbo za mashindano zilijaa mafumbo na vijembe. Fanani hakuhitaji kumtaja mtu aliyevunja mwiko au kuaibisha mtaa, hadhira ilimfahamu. Kundi la pili likalazimika kujibu, na jibu likahukumiwa na hadhira hiyo hiyo. Kwa hivyo, wimbo mmoja uliochapwa kitabuni ni kama upande mmoja wa mazungumzo. Tukiuhakiki peke yake, tutaorodhesha tashbihi na takriri na kuliacha swali kuu: nani alikuwa akiambiwa, na kwa nini?

Sidai kwamba ushindani huo ulikuwa na mema matupu. Uliwatia watu gharama, na vijembe viliweza kuumiza. Lakini umoja wa kundi ulijengwa na kuwapo kwa mpinzani: waliochangia, wakashona sare na kufanya mazoezi pamoja walifanya hivyo kwa sababu upande wa pili ulikuwa ukiwatazama.

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kufunza sifa za ngoma, watume wanafunzi wakatazame kikundi cha ngoma cha mtaani kwao. Waulize nani hukigharimia, nani huongoza, na kinashindana na nani. Nawe mtahiniwa, ukiandika kwamba ngoma huleta umoja, usikomee hapo. Eleza umoja wa akina nani, na dhidi ya nani.