Mbolea ya Maji ya Asili katika Bustani za Magunia na Ndoo

Mbolea ya maji ya asili ni maji yaliyolowekwa samadi au majani mabichi mpaka virutubisho vikayeyuka ndani yake, au mkojo wa mifugo uliozimuliwa. Ni mbolea ya kukuzia, yaani huongezwa baada ya miche kushika. Shambani ni nyongeza tu. Kwenye gunia, ndoo au debe inakaribia kuwa lazima.

Sababu ni uchache wa udongo. Mzizi wa sukuma wiki shambani ukikosa chakula hapa hukitafuta pale. Ndani ya ndoo ya lita 20, ukigota ukingoni hauna pa kwenda. Tena chombo hukauka upesi na kumwagiliwa kila mara, na maji yanayochuruzika kwenye matundu ya chini huondoka na nitrojeni na potasiamu. Kwa hiyo mboga za vyomboni hulishwa kidogo kidogo, kila baada ya wiki moja au mbili.

Jijini Nairobi, kilimo cha magunia kilishika kasi Kibera kuanzia 2008, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, shirika la Kifaransa la Solidarités lilipowasaidia wakazi kuanzisha bustani hizo. Katikati ya gunia husimamishwa nguzo ya mawe, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Nguzo hiyo ndiyo njia ya mbolea ya maji: ikimiminwa juu ya udongo pekee, miche ya chini hubaki na njaa.

Malighafi bora isiyonunuliwa ni alizeti mwitu (Tithonia diversifolia), mmea wa asili ya Meksiko unaoota kwenye nyua na kando ya barabara magharibi mwa Kenya. Majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni na 4 ya potasiamu, lakini fosforasi haifiki hata nusu asilimia. Majani na vikonyo laini hukatwakatwa, hujazwa robo tatu ya pipa, kisha huongezwa maji. Hukorogwa kila baada ya siku chache, na baada ya wiki mbili hivi mchuzi huwa tayari. Samadi nayo hutiwa ndani ya gunia na kuning'inizwa kwenye pipa kwa mti uliolazwa mdomoni, kiasi cha kilo 50 kwa lita 200 za maji. Pipa lifunikwe kwa kitambaa: gesi ipate pa kutokea, mbu wasipate pa kutagia.

Kosa linaloua mimea mingi ni kumimina mbolea hii bila kuizimua. Mchuzi wa majani huongezwa maji mara mbili ya kiasi chake au zaidi. Wa samadi huzimuliwa mpaka ufanane na chai ya rangi iliyo nyepesi. Mkojo wa sungura, unaopendwa sana na wakulima wa Kenya, ni mkali zaidi, na kwa mimea ya chomboni ni salama kuanza na sehemu moja kwa kumi za maji. Udongo ulowane kwanza, ndipo mbolea ifuate.

Usafi hauna mjadala. Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na kuilowesha majini hakuviui vyote. Kuhusu mkojo wa binadamu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka mwezi mmoja upite kati ya kuutumia na kuvuna. Sukuma wiki huchumwa jani kwa jani karibu kila wiki, hivyo mwezi huo haupatikani. Kwa mboga ya namna hiyo mchuzi wa majani unafaa zaidi. Mbolea yoyote itokanayo na kinyesi huelekezwa shinani, kamwe si kwenye majani ya kuliwa.

Kwa kuwa mbolea hizi zina fosforasi kidogo, mboji au samadi iliyooza vizuri huchanganywa na udongo kabla ya kupanda. Nyanya zikipewa nitrojeni nyingi hustawi majani na kunyima matunda. Kingo za majani zikiungua, au ukoko mweupe wa chumvi ukitanda juu ya udongo, mbolea imezidi: chombo humwagiliwa maji matupu mpaka yatiririke chini, na ulishaji husitishwa hadi majani mapya yachipue yakiwa mazima.