Sekunde 25 au kufutwa kabisa?

Haya wadau, historia kidogo ya mbio. Spa, Ubelgiji, 2008: Lewis Hamilton alikata kona akatokea mbele ya Kimi Räikkönen, akamrudishia nafasi, halafu akampita tena kona iliyofuata! Alimaliza wa kwanza. Wasimamizi wakamwongezea sekunde 25, akashuka wa tatu, ushindi akapewa Felipe Massa. Iliuma, ila pointi alipata.

Sasa Rio, 2016. Ezekiel Kemboi alimaliza wa tatu mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Sisi wa Turwa Kenya ni jirani bwana, tulimhesabu wetu. Wafaransa wakalalamika kwamba alikanyaga ndani ya mstari. Akafutwa, shaba ikaenda kwa Mfaransa Mahiedine Mekhissi. Pale aliokoa nini, nusu mita? Baadaye sheria ililegezwa: kukanyaga mara moja kwenye kona bila kumzuia mtu husamehewa. Kemboi hakurudishiwa medali.