Ampule "zenye akili": namna zinavyoongea na simu, na mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Ndugu yako anatoka Kampala ao Ulaya, anakuletea ampule yenye kuwashwa kwa simu. Kwa mutu wa Simi-Simi, mu komini ya Makiso, ulizo la kwanza si rangi ngapi inatoa. Ni hili: inaongea na simu kwa njia gani, na inakula umeme kiasi gani wakati mwanga umezimika?

Mu ndani kuna nini

Ni ampule ya LED kama zingine, lakini iko na chipu na antena ndogo. Simu inatuma amri kwa mawimbi ya redio, chipu inapokea. Ili kupunguza mwanga, inawasha na kuzima LED mara mamia ao maelfu kwa sekunde. Jicho linaona tu kwamba mwanga umepungua. Ili iendelee kusikiliza, sherti umeme ubaki unafika. Mutoto akizima ku ukuta, simu haina tena kazi.

Njia za mawasiliano

Wi-Fi: inatumia mawimbi ya GHz 2.4 na inaomba modemu yenye kuwaka saa zote. Mara nyingi amri inapitia kompyuta za kampuni ngambo, kisha inarudi nyumbani. Mega zikiisha, unaweza kushindwa kuwasha taa hata umekaa chini yake.

Bluetooth: simu inaongea na ampule moja kwa moja, bila intaneti. Mu nyumba inafika karibu metre 10, na kuta zinapunguza.

Zigbee: ndiyo njia ya Philips Hue, iliyotoka mwaka wa 2012. Ampule zinapeana ujumbe, moja hadi ingine. Kwa kawaida inaomba kisanduku cha katikati.

Z-Wave: iko chini ya GHz 1, inapita ukuta vizuri zaidi. Lakini chombo cha Marekani (MHz 908) hakisikilizani na cha Ulaya (MHz 868).

Matter: ni lugha ya pamoja iliyotoka mwaka wa 2022. Vyombo vya kampuni mbalimbali vinaelewana, na amri inaweza kubaki mu nyumba bila intaneti.

Hesabu ya nyumbani

Umeme wa SNEL unaotoka kituo cha mto Tshopo unapokatika, wengi wanategemea batri na sahani ya jua. Hapo fanya hesabu. Ampule ikikula nusu wati kwa kusikiliza tu, kwa saa 24 inamaliza wati-saa 12. Ampule tano ni 60: zingetosha kuwasha LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa sita. Modemu nayo inakula.

Umeme ukirudi, ampule nyingi zinawaka zenyewe, hata saa nane usiku. Mu programu yake, tafuta mahali pa kuchagua ibaki imezimika.

Soma pia volti. Ampule ya Marekani ya volti 120 peke yake itaungua kwa 220 za hapa.

Kwa nyumba ya batri, LED ya kawaida ingali inashinda. Ukitaka kujaribu, anza na moja ya Bluetooth, mu chumba kimoja.