Kupoza dunia kwa kuzuia jua: Nani anatoa kibali cha majaribio?

Linasikika kama wazo la kwenye filamu: kurusha chembechembe juu angani zirudishe sehemu ya mwanga wa jua, ili dunia ipoe. Lakini wanasayansi wanalichunguza kwa dhati, na pesa za serikali zimeshaingia. Swali ni je, mtafiti akitaka kulijaribu nje ya maabara, anaomba ruhusa kwa nani?

Linafanyaje kazi?

Mfano unaotajwa sana ni volkano ya Pinatubo nchini Ufilipino. Ilipolipuka Juni 1991, ilirusha angani takriban tani milioni 15 za gesi ya salfa dayoksaidi. Wastani wa joto duniani ukashuka kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Watafiti wanataka kujua kama binadamu anaweza kufanya hivyo kwa makusudi. Ila weka akilini: hewa ya kaboni inayosababisha joto haiondoki. Ukinyunyizia kwa miaka mingi halafu ukaacha ghafla, joto linarudi kwa kasi.

Majaribio yaliyokwama

Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Harvard kilipanga kurusha puto huko Kiruna, Sweden. Lilikuwa la kupima vifaa tu, bila kumwaga kitu. Baraza la Wasami, wenyeji wa asili wa eneo hilo, lilipinga. Safari ikafutwa, na mwaka 2024 mradi mzima ukafungwa.

Aprili 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walianza kupuliza matone madogo ya maji ya chumvi kutoka kwenye meli ya zamani ya kivita huko Alameda, California. Viongozi wa mji walidai hawakuelezwa mapema. Wataalamu waliokodiwa na mji huo hawakuona hatari kwa afya, lakini Juni madiwani walipiga kura na kukataa.

Mexico ndiyo kali zaidi. Kampuni ya Marekani, Make Sunsets, ilirusha maputo yenye salfa huko Baja California mwaka 2022 bila kumuuliza mtu. Januari 2023, serikali ikatangaza itapiga marufuku majaribio hayo.

Sheria zinasemaje?

Marekani ina sheria ya mwaka 1971 inayomtaka anayejaribu kubadili hali ya hewa atoe taarifa serikalini. Yaani anatoa taarifa tu, haombi kibali. Majimbo ya Tennessee (2024) na Florida (2025) yameamua kupiga marufuku kabisa.

Uingereza imechukua njia nyingine. Mwaka 2025 wakala wake wa utafiti, ARIA, ulitenga pauni milioni 56.8. Majaribio ya nje yanaruhusiwa kwa masharti: yawe madogo, athari kwa mazingira zitathminiwe kwanza na wakazi washirikishwe.

Kimataifa, nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikubaliana mwaka 2010 kutoruhusu shughuli hizi, isipokuwa utafiti mdogo wa kisayansi. Tatizo ni kwamba makubaliano hayo hayana nguvu ya kisheria.

Kwa nini Afrika inajali?

Kwa sababu ya mvua. Utafiti wa wanasayansi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa misimu mitatu kati ya minne iliyokuwa mikavu zaidi Sahel, kuanzia mwaka 1900 hadi 2010, ilitanguliwa na milipuko mikubwa ya volkano upande wa kaskazini mwa dunia. Kumbe ukipoza upande wa kaskazini tu, Sahel inaweza kukauka.

Ndiyo maana mwaka 2023, mawaziri wa mazingira wa Afrika walitaka pawe na mkataba wa kimataifa wa kutotumia teknolojia hii. Mapema mwaka 2024, suala hilo lilifika Nairobi kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa. Uswisi ilipendekeza kundi la wataalamu wa kulichunguza, lakini nchi hazikuelewana na pendekezo likaondolewa.

Kwa sasa, basi, hakuna chombo kimoja cha dunia kinachotoa kibali. Kila nchi inajiamulia, ingawa anga ni letu sote.